Ukitoka huko kwa ritriti, nani atakupokea nyumbani?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja juu ya kitu kimoja, hizi ritriti za wikendi ambapo watu wanapelekwa Limuru, Naivasha ama kule nyuma ya vilima vya Ngong, wanakaa kwa duara, wanasimuliwa visasili na mighani za zamani halafu wanaambiwa watafute maisha yao humo ndani. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu hiyo ndiyo imenikaa moyoni.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Donholm, nina miaka 39. Mwaka jana kazi iliisha, walipunguza watu na mimi nikawa kwa hiyo listi, halafu miezi minne baadaye baba akafariki, na tangu hapo niko tu, naamka nashinda nalala, watu wananiambia pole mpaka nimeichoka hiyo pole. Sasa rafiki yangu ameniambia kuna ritriti ya siku tatu huko Tigoni, Ijumaa jioni mpaka Jumapili, ni Sh28,000 na chakula na kulala ndani yake. Ati wanasimulia hadithi moja tu siku zote tatu, hii yao ni ya Lwanda Magere, mnasikia kipande mnanyamaza, mnaenda kutembea kila mtu peke yake kwa mashamba ya chai, mkirudi unasema umejiona wapi kwa hadithi. Usiku wa mwisho kuna moto. Yeye alienda na anasema alilia vitu hakujua viko ndani yake. Mama yangu yuko nyumbani Machakos, nilipomwambia akasema hayo ni mambo ya mashetani, na kama ni hadithi nataka si niende anisimulie yeye. Pasta amesema niombe kwanza. Pesa niko nayo kidogo ya ile walinilipa nikitoka kazi, lakini sitaki kuitupa. Niende ama nisiende?
Mama Wawili, Donholm

Marahaba mwanangu. Sitakupa pole kwa sababu umesema umeichoka, wacha tuongee tu.

Nianze na mashetani tuyamalize. Kutoka nyumbani kwako ukaenda mahali pa kimya ukatafakari si kitu kigeni kwa dini yoyote hapa kwetu. Wakatoliki wana mafungo yao na Waislamu wana itikafu, zile siku kumi za mwisho za Ramadhani mtu anajifungia msikitini. Na hadithi nayo, Yesu alifundisha kwa mifano, na Kurani sura ya 12 inaiita habari ya Yusufu simulizi nzuri kuliko zote, kijana anatupwa kisimani na ndugu zake na kutoka hapo maisha yake yote yanageuka. Kwa hivyo hadithi si shetani. Mtu anayeisimulia ndiye wa kuangaliwa, na huyo tutamfikia.

Sasa hiyo ya Lwanda Magere. Wajaluo wa Kano wanasema alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ya Wanandi ilikuwa inamgonga na kuanguka. Walipochoka kupigana wakamletea msichana mrembo wakasema ni wa kuleta amani, akamuoa. Siku moja akawa mgonjwa, yule mke wa kwanza hayuko, akamwambia huyu mgeni achukue kisu achanje kivuli chake apake dawa hapo, kwa kivuli, si kwa mwili. Akachanja na damu ikatoka. Usiku huo msichana akakimbia kwao na siri, na vita iliyofuata mkuki ulirushwa kwa kivuli, Magere akaanguka akageuka jiwe.

Unaona vile hii kitu inafanya kazi? Watu ishirini wanasikia maneno yaleyale na kila mmoja anarudi na yake. Mmoja amejiona ni Magere, amekuwa jiwe miaka mingi na hakuna mtu anajua anapoumia. Mwingine ni yule msichana, alitumwa kwa nyumba ya watu na bado anabeba hiyo siri. Mwingine amemfikiria mke wa kwanza, mahali alikuwa ameenda siku hiyo, na hakuna msimuliaji aliyepataja. Carl Jung, yule daktari wa akili wa Uswisi aliyefariki 1961, alilitumia hilo neno kivuli kwa ile sehemu ya mtu ambayo mwenyewe hataki kuiangalia, na nadhani waandaaji wengi wa hizi ritriti wanapitia kwake, lakini wazee wa Kano hawakumngoja.

Mimi nimefundisha fasihi simulizi miaka mingi na nimeliona hili darasani kabisa. Ukisimulia Fumo Liyongo akiwa gerezani, mama yake anampikia mikate, walinzi wanakula ile mizuri wanamwachia ule wa wishwa, na tupa ilikuwa imefichwa ndani ya huo wa wishwa, akakata minyororo usiku wakati watu wako kwa ngoma wanapiga kelele. Kila mwaka kuna mtoto ambaye hajali Liyongo hata kidogo, ananiuliza juu ya Saada, yule kijakazi aliyekuwa anabeba huo mkate akipita mbele ya walinzi kila siku, kama alikuwa anaogopa. Na huyo mtoto karibu kila mara ni yule anayebeba kitu kizito huko kwao. Sijawahi kumwambia mtoto kama huyo maana yake ni hii ama ile, namjibu tu, ndio, nafikiri alikuwa anaogopa sana.

Hapo ndipo unampimia msimuliaji. Msimuliaji mzuri anakupa hadithi halafu anakaa kando. Akianza kukwambia wewe ni Magere, na yule mke ni bosi wako, na mkuki ni kile kitu mamako alikufanyia ukiwa mdogo, beba begi lako mwanangu. Hadithi haikuwa yake ya kukufungulia.

Lakini kitu ninachotaka sana ukisikie ni hiki. Zamani kijana akipelekwa jandoni, ama msichana akiingia unyagoni kwa somo wake (na sizungumzii kukeketa, hiyo sheria ya 2011 ilipiga marufuku na ilifanya vizuri), mambo yalikuwa matatu. Unatolewa kwenu. Unakaa huko pembeni, si mtoto na si mtu mzima, unafundishwa, unaimbiwa, unaambiwa siri za watu wenu. Halafu unarudishwa, na watu wanajua umerudi. Arnold van Gennep, mtafiti wa mila, aliliandika hili mwaka wa 1909 baada ya kulinganisha mila za watu wengi sana duniani, akakuta zimegawanyika hivyohivyo, kutoka, kukaa katikati, kurudi. Angalia Wamaasai wakati wa eunoto, ile sherehe ya kuwanyoa morani, morani amekaa na nywele zake ndefu miaka na miaka, na siku hiyo ni mama yake mzazi anayemnyoa. Hajinyoi. Hanyolewi na yule aliyekuwa akimfundisha huko manyatani pia. Anarudi kwa mikono ya mtu wa kwao.

Hizi ritriti zetu zinajua kumtoa mtu na zinajua kumweka katikati, kwa hilo nazipongeza, kazi hiyo si rahisi. Lakini Jumapili saa tisa watu wanapigwa picha, wanakumbatiana, grupu ya WhatsApp inafunguliwa na basi linaondoka. Kurudishwa hakuna.

Nilienda moja mimi mwenyewe, ni miaka kadhaa imepita, mume wangu alikuwa amefariki. Sitataja ni ya nani. Walitusimulia vizuri sana, usiku wa pili nilisema kitu mbele ya watu nisiowajua ambacho sikuwahi kumwambia hata dada yangu, na nikahisi wepesi sijawahi kuhisi. Nikashuka stejini jioni na harufu ya moshi bado kwa nguo, nikafika nyumbani, maji yamepotea siku mbili, vijana wangu wanauliza tutakula nini, na mimi nimesimama hapo kwa mlango na hiki kitu kikubwa kifuani na hakuna hata mmoja alijua nimetoka wapi, kwa sababu sikuwa nimewaambia, nilisema tu naenda semina. Nilipika. Kufikia Jumatano nilikuwa vilevile kama zamani, na afadhali ningekuwa vilevile, maana sasa nilikuwa na hasira na watoto ambayo sikuwa nayo kabla. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hadithi haikushindwa, ni vile sikuwa na mtu wa kuninyoa.

Kwa hivyo nenda, mwanangu. Naona ukienda. Lakini kabla ya kutuma hiyo Sh28,000 piga simu uulize maswali, na usione haya. Muulize msimuliaji ni nani na hiyo hadithi aliipata kwa nani, mtu aliyerithi hadithi huwa anajua aliyempa. Uliza kama kuna kaunsela hapo aliyesajiliwa, tuna sheria ya makaunsela na wanasaikolojia tangu 2014 na kuna bodi, mtu hafai kujiita tu. Uliza kama unaweza kunyamaza kwa duara bila kulazimishwa, kama kuna mtu anarekodi, kama unaweza kushika simu yako jioni uongee na watoto. Na kama unaweza kuondoka Jumamosi bila kesi.

Nasisitiza haya kwa sababu ya Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga mpaka wakafa. Ilikuwa 2023, huko Kilifi, zaidi ya miili 400 ikafukuliwa msituni, na wale walikuwa watu kama mimi na wewe, wengine walikuwa na kazi nzuri, waliingia wakitafuta Mungu na wakatenganishwa pole pole na watu wao mpaka hakukuwa na mtu wa kuwauliza umekula. Siilinganishi ritriti ya rafiki yako na hiyo, hapana. Lakini mahali popote unaambiwa wazazi wako hawataelewa, usiwaambie, ama ukae na njaa usiyoichagua, ama unywe kitu usichokijua, ama ulipe tena ndio upande daraja la pili, hapo toka hata kama ni usiku.

Kitu kingine, na unijibu kwa moyo wako si kwa barua. Kama hulali kabisa, ama unafikiria kwamba heri ungemfuata baba, basi Tigoni ingoje. Enda kwa hospitali ama kwa kaunsela kwanza, wewe na yeye tu. Moto na hadithi vinafungua, na mtu aliye katika hali hiyo hahitaji kufunguliwa mbele ya watu ishirini.

Na pesa, toa hiyo Sh28,000 ikiwa haigusi karo ya mtu. Ikiwa inagusa, waulize kama wana nafasi ya kulipa kidogo kidogo ama ungoje ya mwaka ujao.

Mwisho, panga kurudi kabla hujapanga kuenda. Usirudi Donholm hiyo Jumapili. Waache watoto kwa mtu mpaka Jumatatu jioni, na ukitoka Tigoni panda gari ya Machakos. Mwambie mama mapema kwamba utakuja na hadithi ya Wajaluo na unataka umsimulie yote kutoka mwanzo, halafu yeye akusimulie ya kwao. Amekwambia mwenyewe uende akusimulie, sijui kama ulisikia vile mimi nilisikia nikisoma barua yako. Muulize juu ya Syokimau, yule mama wa Kikamba aliyeona nyoka wa chuma akitambaa kutoka maji mpaka maji kabla ya reli kujengwa. Muulize na baba alikuwa anapenda hadithi gani.

*

Mwalimu hujambo, nisaidie. Bibi yangu alienda hizi ritriti za mabadiliko siku nne huko Naivasha, walisimuliwa sijui hadithi ya mwanamke anashuka kuzimu anavuliwa nguo mlango kwa mlango. Amerudi ni mtu mwingine. Haongei sana, amejipa jina jipya ameliandika kwa karatasi ameweka kwa kioo, na sasa anasema tuuze ploti ya Kitengela aanze maisha mapya. Nilimwambia arudishe akili tukakosana. Nimepoteza bibi ama nifanye nini?
Mume, Rongai

Hiyo hadithi naijua, ni ya Inanna, ya Wasumeri wa kule Iraki ya leo, iliandikwa kwa udongo karibu miaka 4,000 iliyopita. Inanna anashuka kuzimu kupitia milango saba, kila mlango anavuliwa kitu, taji, mkufu, mpaka anafika mbele ya dada yake hana kitu, na anauawa hapo. Lakini hakubaki huko. Kabla ya kushuka alikuwa amemwambia mtumishi wake Ninshubur, nisiporudi nililie, uende kwa miungu uniombee, na siku tatu zilipopita Ninshubur akaenda kubisha mlango mmoja baada ya mwingine mpaka akapata aliyesaidia. Na aliporudi juu alikuta mumewe amevaa vizuri amekaa kwa kiti cha enzi, haombolezi. Soma hapo mara mbili, ndugu yangu.

Sikulaumu, hakuna aliyekuandaa. Lakini ulimwambia arudishe akili kabla hujamuuliza ameona nini. Leo jioni zima televisheni, watoto wakilala mwambie, nisimulie hiyo hadithi yote, mlango wa kwanza ulikuwa nini. Usimkatize. Usimuulize kama wewe ndiye shetani wa hiyo stori, hata kama unaogopa jibu. Hilo jina kwa kioo wacha likae, halili chakula cha mtu.

Ploti ni maneno mengine na hapo nasimama na wewe. Mama akijifungua tunamwacha arobaini yake iishe kabla ya kumtaka mambo makubwa, na huyu amerudi kutoka safari inayofanana na hiyo. Kubalianeni hakuna kuuza, kuacha kazi wala kuhama mpaka siku 40 ziishe. Muulize pia kama kuna mtu wa hiyo ritriti amemwomba pesa tangu arudi. Kama jibu ni ndio, hiyo pesa ya ploti ilikuwa na mwenyewe tayari na mnafaa kuongea na mtu wa sheria haraka.

*

Sasa Mwalimu, sisi ni marafiki watano hapa Kahawa Wendani, tumemaliza campus kazi hakuna, hizo bei za ritriti hatuwezi hata tukichanga. Inawezekana tufanye yetu wenyewe? Tunaanzia wapi?
Watano, Wendani

Inawezekana kabisa, na nyanya zenu wangeshangaa mkilipa. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya yule bibi mzee, watoto walilala huko na sigana, yaani hadithi, ndiyo ilikuwa blanketi. Sehemu nyingi za nchi hii ilikuwa mwiko kusimulia mchana, kwa hivyo fanyeni usiku, kazi ikiwa imeisha na taa kubwa imezimwa.

Chagueni hadithi moja, moja tu, ya kwenu mmoja wenu. Mmoja aijue kabisa bila kusoma kwa simu, akisahau asahau, mwingine atamkumbusha. Mfungue kama watu, Paukwa, Pakawa, ama hadithi hadithi, hadithi njoo, ama Uga itha kama mna Mkikuyu hapo, kwa sababu huo ndio mlango, ukishaitikia umekubali kuingia na umejua uko ndani. Akimaliza mnyamaze dakika kumi, na nawaambia dakika kumi ni ndefu. Halafu kila mtu aseme sentensi moja, umesimama wapi kwa hiyo hadithi. Mwingine asimjibu. Hakuna ushauri, hakuna pole, hakuna hata kusema "mimi pia".

Na mfunge, hii watu wanasahau. Msimuliaji wa Kijaluo anasema tinda na kujiombea akue awe mrefu kama mti wa kwa mjomba wake, wale wa pwani zamani walikuwa wanasema ikiwa njema ni ya sote na ikiwa mbaya ni ya aliyeitunga peke yake. Msipofunga mtalala mkiwa bado huko ndani. Mkishafunga wekeni chai, washeni taa, ongeeni mpira.

Mkikosa anayejua hadithi hata moja, pigieni nyanya wa mmoja wenu simu mapema jioni kabla hajalala, mweke kwa spika katikati ya meza, mumsalimie wote kwa zamu. Kwanza mmuulize kwao walikuwa wanaitikia vipi, ndio akianza msikae kimya.